Viwili vya Juu, Kimoja cha Chini

Milanzi, Sumbawanga
12 Septemba 1993

Mwanangu Gaudiosa,

Pokea salamu zangu na za mbwa, ambaye bado analala mlangoni pa chumba chako. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanayogoma asubuhi kukiwa na ukungu. Wewe na wenzako hapo kwenye kiwanda cha mvinyo mnaendeleaje? Redio inasema viwanda vinauzwa. Angalia usije ukauzwa pamoja na mashine.

Zabibu nyeupe tumekwisha kamua. Za shamba la juu, kule upepo unakovuma mchana kutwa, ni kali. Za bondeni ni tamu. Mapipa yote mawili yamemaliza kuchachuka, yametulia. Imebaki kazi ya marehemu mama yako, kuchanganya. Tangu tumzike nimechanganya mwenyewe, na unajua nilichopata: maji ya kuoshea chupa.

Sasa nimeamua. Msimu huu nisipoupata mvinyo wa mama yako Epifania, nang'oa mizabibu. Ndalahwa, yule jirani yetu Msukuma, anautaka mteremko kwa malisho ya ng'ombe wake, na ni mtu mwema. Madukani kumejaa mvinyo wa maboksi unaopitia mpakani Kasesya; hakuna atakayeuliza wetu umekwenda wapi. Nami nimechoka kuishi na mizabibu ambayo kazi yake ni kunikumbusha.

Ninachokumbuka ni maneno yake. Aliyasema kwa Kifipa huku anapima, nami nakuandikia kwa Kiswahili: viwili vya juu, kimoja cha chini. Nakutumia chupa mbili, moja ya kila pipa, kwa mkono wa Felisian, mtoto wa shangazi yako, anayekuja huko na lori. Wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Onja, uniambie.

Ni mimi baba yako,
Polikarp


Dodoma
3 Oktoba 1993

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, joto tu la huku linanikausha. Pole kwa magoti. Mbwa mwambie namkumbuka.

Nililia niliposoma habari ya kung'oa, sitakuficha. Mizabibu ile ndiyo iliyonificha kila nilipokaribia kuchapwa. Tafadhali, usiguse jembe kwanza.

Chupa zimefika salama. Maneno ya mama naona yako wazi: vikombe viwili vya shamba la juu, kimoja cha bondeni. Ukali wa juu unauamsha utamu wa chini. Uchuje kwa kitambaa safi mpaka utakate, kama tunavyofanya huku. Jaribu ndoo moja tu, mwingine uuache kwenye mapipa.

Ni mimi mwanao,
Gaudiosa


Milanzi
14 Novemba 1993

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mvua za kwanza zimenyesha na mlima umepotea ndani ya mawingu. Mimi mzima.

Nimefanya ulivyosema. Ni mvinyo mzuri, umetakata mpaka naona kidole changu upande wa pili wa glasi. Lakini si wenyewe. Ni kama mgeni aliyevaa nguo za mtu wa nyumbani.

Juzi baada ya chakula nilisinzia kibarazani nikamwota mama yako. Alikuwa anapita katikati ya mizabibu, amebeba kichwani chungu cha pombe ya ulezi, kama nilivyomwona mara ya kwanza kijijini kwao, Kate. Majani yalikuwa meupe, na miguu yake haikutoa sauti. Nikamwuliza, viwili vya juu ni vipi? Akacheka, akainamisha chungu nione ndani. Nikaamka kabla sijaona.

Ndalahwa atakuja baada ya Krismasi kuupima mteremko. Nimempa neno langu.

Ni mimi baba yako,
Polikarp


Dodoma
5 Desemba 1993

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itamtangulia Ndalahwa. Ile ndoto yako nimetembea nayo kazini wiki nzima, wenzangu wakaniuliza kama naumwa.

Baba, tumekosea wote wawili. Wewe ni mtu wa mashamba, nami ni mtoto wako, kwa hiyo tukisikia juu na chini tunaona mlima. Mama alikuwa mpika pombe kabla hajaujua mzabibu. Kwa mpika pombe, ya juu ni ile iliyotulia juu ya chungu, na ya chini ni ile yenye machicha. Nimekumbuka kikombe chake cha bati: kikiwa na mvinyo, sikuwahi kuona kitako chake. Wake haukutakata hata siku moja, nami nikakwambia uchuje!

Changanya mapipa hayo nusu kwa nusu, uache yatulie. Halafu teka viwili kutoka juu ya pipa, na kimoja kutoka chini kabisa, pamoja na mashapo yake.

Ni mimi mwanao,
Gaudiosa


Milanzi
16 Januari 1994

Mwanangu Gaudiosa,

Heri ya mwaka mpya. Mimi mzima, mbwa mzima.

Ndalahwa alikuja na kamba yake ya kupimia. Mapipa nilikuwa nimekwisha yachanganya, yametulia; nikamwambia angoje kwanza, nikateka kama ulivyoandika. Harufu ilipotoka nilikaa juu ya gunia. Mama yako alikuwa mle ghalani, Gaudiosa. Sina namna nyingine ya kusema.

Nikainua kikombe, nikashindwa kunywa. Unaijua desturi yetu, aliyepika pombe ndiye anayeanza, mgeni aone haina ubaya. Epifania alianza yeye hata kwangu mimi mumewe, kila kikombe, miaka yote. Alikuwa akinitania, "Nisipokuonjea utasema nimekuroga." Tangu afe nimekuwa nikijionjea mwenyewe, nikidhani kilichoharibika ni mvinyo.

Nilikirudisha kikombe chini. Ndalahwa akakunja kamba yake, akaniaga kwa upole, akaenda. Mizabibu ipo, lakini sijui ni ya nani.

Sikuombi uache kazi. Nakueleza tu.

Ni mimi baba yako,
Polikarp


Dodoma
2 Februari 1994

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Kazini nimeaga. Felisian anapita hapa mwisho wa mwezi, nitapanda naye.

Usijionjee. Kikombe cha bati kioshe kwa maji matupu, mama hakupenda kinuke sabuni. Mkasi wa kupogolea uunoe. Na Ndalahwa umwite, ila mwambie aiache kamba nyumbani: nitakunywa mimi kwanza, halafu wewe, yeye atakuwa wa tatu.

Ni mimi mwanao,
Gaudiosa