Mke Mwenza Kahamia Kanisani

Jumamosi, 4 Februari
Mke mwenzangu hakuja. Ndivyo tunavyotaniana, mimi na mjukuu wangu, tangu akiwa na meno mawili. Kila Jumamosi huja tusome fizikia. Nililifundisha somo hilo miaka mingi, kabla hatujakimbia nchi yetu. Viti viwili mezani, chai imepoa. Kapiga simu jioni — kanisani kuna darasa la vijana. "Usinune, mke mwenza!" Sijanuna.
Nimenuna.

Jumapili, 5 Februari
Binti yangu kaleta habari kamili. Ni chumba nyuma ya kanisa. Wanafunzi wa chuo kikuu, watoto wa wahamiaji kama sisi, wanawafundisha wadogo zao. Mwaka jana walifaulu karibu wote. Nikasema Mungu hasahihishi mitihani. Akasema, mama, huko mtoto akishuka alama, kanisa zima linamuuliza kulikoni. Hapa anaulizwa na nani? — Na mimi! Akainuka kuosha vikombe. Binti yangu akiinuka, huwa amemaliza.

Jumatano, 8 Februari
Mtoto wa jirani wa ghorofa ya juu alikuwa na akili kuliko huyu wangu. Aliacha shule na hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe sikuuliza. Kwa hiyo kinachowafaulisha wa kanisani ni sala, au ni watu? Maabara haina kipimo cha kutenganisha hayo mawili.
Kimya leo. Hata bomba halidondoshi maji.

Ijumaa, 10 Februari
Mke mwenza kapita mbio, koti hata hakuvua. Mwalimu wao wa fizikia kahama, na mtihani ni mwezi ujao. "Bibi, njoo wewe! Nishawaambia unakuja." Nikacheka kama msichana. Halafu akaongeza, chini chini: mwalimu ndiye anayefungua darasa kwa sala. Mchungaji hana mchezo na hilo.
Sijasali tangu tulipomzika babu yake njiani, kwa mikono, bila jembe. Anajua.
Nikamwambia, basi sali wewe.
"Mimi nishasali, bibi. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Jumamosi, 11 Februari
Darasa saa tisa. Somo la mwendo liko tayari, mifano yote. Mjukuu yuko sebuleni, ananingoja. Mimi niko mbele ya kioo. Sijawahi kuwafundisha watoto nisichokijua, na uzeeni sianzi. Ya sala nimepata maneno mawili tu: Mungu, kisha jina la mume wangu. La tatu haliji.
Anagonga — "Mke mwenza, tunachelewa!"
Mkoba nimeshaushika.