Baroni, Kaka Yangu Alisikia Nusu

Mpendwa Baroni,

Huko Ulaya ulikozikwa, katikati ya babu zako, sijui kama habari za huku kwetu Manga zinakufikia. Basi pokea hii: kaka yangu mkubwa amekugeuza shahidi wake.

Tangu tumzike baba, anadai shamba letu la majani chai lisigawanywe, apewe yeye lote, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo wakubwa wa Ulaya wenye cheo kama chako. "Hata Baroni alisema!" Mimi niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, eti nikatafute mume mwingine mwenye shamba.

Ni kweli ulisema. Ulikuwa ndiyo kwanza umemkabidhi mwanao wa kwanza mali ya ukoo wenu, misitu, farasi na lile jumba linalovuja, ukaja kuishi na mdogo wako, Padri wa parokia yetu. Ukiwa jikoni kwetu, ukashangaa jinsi sisi Wakisii tunavyokata ardhi vipande vipande. "Shamba likigawanywa hufa," ukasema. Kaka akalidaka neno hilo, akainuka akaenda zake. Ndivyo alivyo, hana subira ya kusikia la pili.

La pili nililisikia mimi, kesho yake, tukichuma. Ulikuwa umejaza kikapu majani mazee matupu, karani wa kituo cha kununulia chai akakurudishia, na mama akakucheka waziwazi: "Mzee, wewe unachuma kama mbuzi!" Ukacheka mpaka ukafuta machozi. Kisha tukakaa chini kuchambua, ukaniambia habari za Padri. Utotoni yeye ndiye aliyejua kila ng'ombe na kila mti. Wewe ulipenda karata na maisha ya mjini. Lakini ulimtangulia kuzaliwa. Baba yenu akakupa wewe funguo, yeye akapewa sanduku la safari.

"Moraa," ukasema, "miaka yote ile nilikuwa namwandikia kumuuliza cha kufanya. Shamba lilikuwa lake. Mimi nililikalia tu."

Nilikupenda sana siku ile, mzee wangu. Leo nimekukasirikia pia. Mbona hukumwita kaka ukamwambia na hilo?

Haidhuru, nitamwambia mimi. Jumapili baada ya misa wazee wa ukoo watakaa kuamua, naye atasema nusu yake. Nitasimama niseme nusu iliyobaki, na Padri, ambaye siku hizi hatembei bila mkongojo, ameahidi kuja kuketi upande wangu. Simbembelezi mtu. Nataka ile michai ya chini karibu na mto, niliyoipanda na baba kwa mikono hii. Wakisema binti hana fungu, Jumatatu asubuhi watanikuta nachuma. Waje wanitoe.

Mama anaogopa. Ananiuliza binti aliyeachika, ambaye kwa mila zetu hazikwi kwao, atazikwa wapi. Nimemjibu kwamba nitazikwa pale chini, penye michai yangu.

Pumzika salama kwa babu zako, Baroni. Mimi nitapumzika kwa wangu.

Jirani yako, aliyekufundisha kuchuma,
Moraa