Tembe za Nyar Kisegi

Jumatatu, 3 Februari
Uji, kisha tembe. Mashavu yamevimba tena. Sokoni Sori muuza nyanya kanipongeza: "Mwalimu, ndoa imekukubali!" Mjinga. Si ndoa, ni steroidi. Seli nyeupe za damu yangu zinashambulia viungo vyangu mwenyewe, na dawa inazituliza. Nimechoka kueleza. Wangeyaona magoti yangu mwaka juzi, nisiweze hata kusimama ubaoni, wasingenisifia mashavu.

Jumapili, 16 Februari
Nyar Kisegi, binti wa Kisegi aliyeolewa na shemeji yangu, kaja kanisani na mashavu. Yule aliyekuwa kijiti mwezi mmoja tu uliopita! Mama mkwe amefurahi mno. Eti sasa watu watajua mwanawe anamlisha mke. Mimi nafundisha baiolojia. Mashavu hayo nayajua, ninayo.

Nilimwuliza anameza nini. Akacheka. "Ni vitamini tu, Nyar Asumbi. Za kemisti." Zote zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, hazina jina. Vitamini!

Jumanne, 4 Machi
Alikwaruzwa mguu na waya wa ua. Kidonda hakiponi. Ulimi una utando mweupe. Bila shaka. Steroidi ile inaiga homoni ya tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Ikizidi mwilini, seli changa za kinga zinakufa kabla ya kukomaa, na zilizokomaa zinasinzia. Kidato cha tatu wanaelewa. Huyu alimaliza cha nne na anapaka kidonda dawa ya meno.

Ningemweleza. Lakini amemwambia Mama mkwe kwamba namwonea wivu. Wivu wa nini? Basi. Anenepe.

Ijumaa, 21 Machi
Wakaguzi wa dawa wamepita Sori. Mwenye kemisti, na lile koti lake jeupe la kuazima, amefunga mlango na kukimbilia Migori. Nilicheka peke yangu jikoni.

Nyar Kisegi hakucheka. Anazunguka madukani akiulizia vitamini zake. Kliniki waliniambia mapema: usiache ghafla, tezi zimelala, haziamki siku moja. Kwa hiyo nilijua kitakachompata. Nyumba yake inatazamana na yangu. Sikuvuka.

Jumatano, 26 Machi
Ameanguka mlangoni pake. Kutapika, jasho baridi, maneno hayaeleweki. Mumewe yuko ziwani. Mama mkwe kamwita pasta, naye pasta akaanza kukemea pepo. Pepo! Nikaita gari.

"Mwalimu, imani yako ni haba," akasema.

"Pasta, toka mlangoni."

Hospitalini Homa Bay daktari aliuliza anatumia dawa gani.

"Hatumii chochote," Mama mkwe akajibu.

"Anameza steroidi," nikasema. "Zimemwishia, ameacha ghafla."

Daktari akaagiza sindano kwanza. Kisha akanigeukia. "Umejua tangu lini?"

"Februari."

Mama mkwe akanitazama. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 27 Machi
Wamempa homoni ile ile kwenye mshipa, na maji ya chumvi. Asubuhi kaomba chai. Mumewe amefika akinuka samaki, analia mbele za watu. Mama mkwe anauambia ukuta: "Alijua. Mwalimu mzima."

Hii familia nimeidharau tangu nilipoolewa. Leo siwezi kujitenga nayo.

Jumamosi, 12 Aprili
Yuko nyumbani. Daktari anampunguzia dozi kidogo kidogo. Mashavu yanashuka, na majirani wanampa pole kwa kukonda. Bado ni wajinga.

Nilivuka kwenda kumfunga kidonda. Kingo zinaanza kukutana. Nikamwambia nilipaswa kusema mapema.

"Nisingekusikiza," akasema.

Huenda ni kweli. Haikunisaidia.

Mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa. Omena zake, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa nje juu ya wavu. Tulishika wavu, yeye huku, mimi kule, tukaziingiza ndani.