Asubuhi Isiyo na Uji

Baba Akoth,

Sasa hivi Achieng' amemaliza kumlisha doli wake uji ambao haupo. Ameshika kikombe kitupu, anapuliza kwanza usimchome, halafu anamwekea mdomoni. Nimemuuliza mbona yeye hanywi. Akasema, "Mimi nafanyiwa operesheni. Huyu haumwi." Akamfuta doli mdomo kwa pembe ya shuka la hospitali, akanitazama nimsifu. Nimemsifu, halafu nimegeukia ukuta kidogo.

Leo uji haujaja. Wewe unajua maana yake. Mtoto wa operesheni hali kitu tangu jana yake, na kila asubuhi wodini sista anapita na birika, kitanda hiki anamimina, kile anamimina, akifika kwa mtoto wa operesheni anapita kama hajamwona. Ile siku uliyotuacha hakutupita. Achieng' alikuwa tayari ameoshwa, amevaa lile gauni la kufungwa mgongoni, na jua lilikuwa limeshatoka. Sista akaja na kikombe, akamwekea mkononi, akasema, "Kunywa, mama." Hakuniangalia. Ndivyo nilivyojua hakuna operesheni. Mtoto akanywa kwa furaha, alikuwa na njaa, na mimi nikakaa pale namwangalia akimaliza, nikitamani asimalize, kwa sababu akimaliza nitalazimika kuuliza.

Nikauliza. Wakasema mtu wa mashine hajafika. Baadaye ndipo wakasema hatafika.

Usicheke mwandiko wangu. Darasa la nane ndilo nililoachia, na tangu hapo naandika tu majina ya wanaonikopa chapati. Ni Mama Akoth aliyenitafutia karatasi. Ndiyo, mke wako yuko hapa. Ameingia jana kutoka Kisegi na mfuko wa samaki wa kukaanga, ameuficha chini ya kitanda Achieng' asiuone. Ameniambia, "Wewe utamaliza kutafuna kucha zote. Chukua kalamu umwandikie huyo mtu wako." Anasema "mtu wako" huku anacheka. Mara ya kwanza alipolisema neno hilo hakuwa anacheka, na ungekuwa hai ungechimba kaburi lako mwenyewe ukaingia.

Nitakueleza. Lakini kwanza nikukumbushe benchi.

Ile operesheni ya kwanza, Achieng' alipokuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, nilikaa nje kwenye lile benchi bila mtu. Baba yake alikuwa huko Migori kwenye machimbo ya dhahabu, chini ya ardhi, simu haishiki. Ukatoka wewe na kofia ya kitambaa kichwani, umeshika mahindi ya kuchemsha. Nikasimama, nikasema, "Daktari." Ukasema, "Keti, nyara, binti yangu. Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa mashine." Ukavunja mahindi, ukanipa nusu. Sikuwa nimejua nina njaa.

Ukanieleza kwamba daktari hawezi kushona moyo unaoruka, kwa hivyo wanaulaza. Na moyo ukilala, lazima kitu kingine kifanye kazi yake. Damu inatoka kwa mrija nyeusi kama juisi ya zambarau, inapita kwa mashine, inapewa pumzi, inarudi nyekundu. Na wewe unakaa pale kwenye kiti unaiangalia, huondoki, mpaka moyo uamke. Nikakuuliza, kwa hivyo mtoto wangu alikuwa amekufa? Ukatafuna kwanza. Ukasema, "Hapana. Alikuwa mikononi mwangu."

Halafu ukaniambia kazi yako nyingine ni kutengeneza friji za wauza samaki pale Homa Bay, kwa sababu hospitali haikukuajiri, inakuita tu ikikuhitaji. Ukasema samaki na moyo ni kitu kimoja, vyote vinataka baridi, ila moyo lazima umrudishie mwenyewe. Nikacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Nikaona aibu kucheka. Ukasema, "Cheka. Ameshaamka."

Sikukuuliza sana. Ni yule mpishi wa chai aliyeniambia kwamba kila moyo ukikaribia kuanza, wewe unauambia chini ya barakoa kwa Kijaluo, "Chiew, nyathina." Amka, mtoto wangu. Kwamba manesi wanakucheka na wewe hujali.

Tangu hapo ukawa ndugu. Ukija Migori kutengeneza friji unapitia kwenye meza yangu ya chapati, unamwita Achieng', unaweka kiganja kifuani pake kama mtu anayesikiliza mlango. "Safi," unasema. Kila mara safi. Mpaka ile siku uliweka kiganja, ukakiondoa. Ukakiweka tena. Chapati ilikuwa inaungua nami naangalia uso wako. Ukasema, "Mrudishe kliniki, nyara. Usingoje." Tukaenda, wakasema ule mlango wa moyo walioushona unavuja, ataingia tena. Siku ikapangwa. Ukanipigia simu, ukasema, "Wakiniita nakuja. Nitakaa naye."

Wakakuita. Ukatoka nyumbani kabla hakujapambazuka, ukapanda bodaboda mpaka stendi. Na barabarani kulikuwa na trela la miwa limesimama bila taa.

Baba Akoth, siwezi kuandika zaidi ya hapo kuhusu barabara.

Basi nikaja kwenu Kisegi kukuzika. Ningebaki vipi? Nilimvisha Achieng' ile nguo yake ya kanisani, tukafika watu wamejaa kwenye tenti, na mimi simjui mtu hata mmoja. Nikakaa nyuma kabisa. Unajua kwetu. Mwanamke kijana akija matangani peke yake, ameshika mtoto, analia kuliko wenye maiti, watu hawaulizi. Wanajua tayari. Nikaanza kusikia nyuma yangu.

"Huyu naye ametoka upande gani?"

"Migori, anasema."

"Ah! Kumbe ndiyo hospitali yenyewe hiyo aliyokuwa akiitwa."

"Mwangalie mtoto pua. Si ni pua ya Baba Akoth hiyo?"

"Pua na paji. Sasa shamba litapimwa upya."

Shangazi yako mmoja, yule mnene mwenye fimbo, akaja akasimama mbele yangu na watu wote wakageuka kusikiliza. Akasema, "Binti, kama umeleta mtu, mlete mbele aonekane. Hapa hatufichi watoto." Nikasema mimi si vile mnavyofikiria. Akasema, "Hata mimi nilisema hivyo nikiwa umri wako." Watu wakacheka, na kwenye matanga kicheko kinauma kuliko tusi.

Ndipo Mama Akoth akaja. Hakupiga kelele. Alikuwa amevaa lile koti lako la kahawia, mikono imemzidi. Akaniuliza, "Wewe ndiye mtu wake?" Halafu kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe, "Anaitwa ghafla. Simu inazimwa mchana kutwa. Wiki hii anaenda na kurudi, halafu mwezi mzima haendi. Nilikuwa najua. Operesheni gani hizo."

Nilikuwa nimepanga kusema mengi mazuri juu yako. Nikapiga tu magoti, nikafungua vifungo vya nguo ya Achieng' mbele ya watu wote.

Ule mstari wa kifuani unaujua. Umekua naye, umekuwa mrefu. Watu wa mbele wakasogea, wa nyuma wakasimama. Nikasema, "Mama, alikuwa anazima simu kwa sababu alikuwa ameshika huyu."

Mama Akoth aliinama akaweka kiganja pale pale ulipokuwa unaweka wewe. Siku hizo moyo ulikuwa umeshaharibika kiasi kwamba hata asiyejua angeusikia. Akasema, "Kuna kitu kinakoroma humu ndani." Nikasema ndiyo. Nikasema hicho ndicho alichokuwa anakuja kutengeneza, mama, asubuhi ile.

Nikaona akielewa. Niliogopa, Baba Akoth. Nilifikiri sasa nitafukuzwa kweli, si kama mwanamke wako, kama mtu aliyekuua. Na mtoto wangu kifua wazi kwenye upepo wa ziwa.

"Kumbe ni huyu," akasema. Basi. Akaanza kufunga vifungo. Akakosea kimoja, akafungua akaanza upya kutoka chini. Yule shangazi akaanza kusema kitu, Mama Akoth akamwambia bila kugeuka, "Leta kiti." Kikaletwa. Tukakaa mbele na familia, mimi na Achieng'. Mchanga ulipomwagwa alinishika mkono, akasema, "Nimelala na hasira miaka yote hii, na yeye analala mgongo umemuuma kwa kiti cha hospitali." Halafu akasema, "Wakimwita mtoto tena, uniite na mimi."

Nimemwita. Amekuja.

Lakini hawakuita haraka. Nikudanganye ya nini, wewe hukunidanganya. Baada yako mashine ilikaa imefunikwa shuka. Daktari yupo, manesi wapo, dawa ipo, na hakuna wa kukaa kwenye kile kiti. Kulikuwa na mtoto wa kitanda cha dirishani, yule wa Oyugis aliyekuwa anaimba. Hakungoja. Mama yake alikunja blanketi polepole, kona kwa kona, akanipa sabuni iliyobaki, akasema, "Ya nini kwangu?" Bado ninayo. Sijaweza kuifulia.

Achieng' naye alikuwa anapungua. Kutoka mlangoni mpaka chooni anakaa chini njiani, anajifanya anamfunga doli kiatu. Doli hana kiatu.

Halafu wakapiga simu. Moraa wako amekubali awe anaitwa, kama ulivyokuwa unaitwa. Yule msichana wa Kisii uliyemfundisha. Asubuhi hii nimemwona kwa macho yangu akiingia, mdogo, begi mgongoni, nikamfuata mpaka kwenye korido kama mwendawazimu kuhakikisha ni mtu kweli. Nikamwuliza kama amekula. Akasema amekula lakini hajanywa chai, kwa sababu ulimfundisha kwamba ukikaa kwa mashine huna kibofu. Tukacheka wote wawili, halafu macho yake yakajaa maji. Akaniambia ameshusha kile kiti kidogo, miguu yako ilikuwa mirefu. Sikumwomba chochote. Ni yeye aliyesema, "Mama, lile neno lake nitalisema. Matamshi yangu ya Kijaluo ni mabaya, lakini nitalisema."

Kwa hivyo uji haujaja, na sista amepita kitanda chetu kama hatuoni, na mimi ningeweza kumbusu miguu.

Naogopa. Nakwambia wewe kwa sababu Achieng' ananiangalia nami natabasamu. Safari ile nilikuwa na wewe ndani na sikujua hata kuogopa vizuri. Sasa najua kila kitu, najua wanaulaza, najua damu inatoka nyeusi. Mama Akoth amemchukua mapajani, anamsuka nywele ili kofia ikae, anamwambia hadithi ya jinsi ulivyoogopa kuku. Kumbe uliogopa kuku! Mtoto anacheka mpaka pumzi inamwishia, na mimi nahesabu moyoni mpaka irudi.

Oriti, kwaheri, Baba Akoth. Lala. Mgongo sasa umepumzika. Kazi uliyoiacha imekaliwa, na nyumbani kwako jina lako ni safi, hata yule shangazi anakusifu kwa sauti kubwa kama ni yeye aliyejua.

Na ninakuahidi hivi. Akiamka, kidonda kikikauka, nitamleta Kisegi. Sitaleta maua. Unajua hajawahi kukimbia, mtoto huyu, maisha yake yote anaangalia wenzake wakikimbia. Nitamwachilia mkono pale langoni kwako, nimwambie nenda, na wewe utasikia miguu yake juu ya

Mama Akoth ananiita. "Mama Achieng', wacha kalamu, wamekuja na kitanda." Nakuja. Doli ameachwa kwangu nimshike. Baba Akoth, kama huko uliko mtu anaweza kukaa karibu na