Kwa Feza, Niliyemwita Aingie

Mudogo wangu Feza,

Ninakuandikia kutoka nyumba ya Papa, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, nawe uko ng'ambo Kigoma pamoja na Mama. Hapa Albertville kila mtu anaamini kwamba jicho lako la kushoto lilipotea kwa bahati mbaya. Nimewaacha waamini hivyo kwa miaka mitatu, na sikukosa usingizi hata siku moja. Ninakuambia hili mapema ili usije ukadhani ni machozi yaliyonisukuma kuandika.

Unakumbuka Mamuzeli alivyofika, yule mwalimu Mmarekani wa misheni, na mpira wake wa fimbo? Mmoja anatupa, mmoja anapiga, wengine wanalinda vituo. Alinipa kituo cha tatu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuogopa mpira. Wewe ulikuwa na kumi na mitano, mwembamba, unajikwaa hata penye tambarare, na Papa akaniagiza nikufundishe nyuma ya nyumba.

Nilikufundisha kwa ukali, na nilipenda ukali huo. Zaidi ya yote nilikufundisha kuzuia mguso. Ndivyo tulivyouita pale mpigaji asipopiga kwa nguvu, bali anaishika fimbo katikati na kuacha mpira uiguse tu, uanguke karibu naye. Mlinzi wa kituo cha tatu lazima awe amekwisha kusogea mbele, magoti yamekunjwa, uzito kwenye vidole. Anakimbia, anafupisha hatua akikaribia, anaokota kwa mikono miwili, mguu wa kulia unashika ardhi, bega la kushoto linaelekea kituo cha kwanza, anatupa huko kabla mpigaji hajakifikia, naye mpigaji anatolewa. Kila uliposimama wima nilikurushia ndimu kwenye miundi. Ukilia, nilirusha mbili. "Miguu," nilikuambia. "Mikono itafuata." Mama aliponiuliza kwa nini ninakutesa, wewe ndiwe uliyemjibu kwamba unajifunza.

Na ukajifunza. Haikupita miezi mingi Mamuzeli akakuweka kituo cha tatu, mimi akanihamishia cha pili, mbele ya wasichana wote, huku akinisifu kwa kukufundisha vizuri. Tangu hapo kazi yangu ikawa kukutumikia. Ukikimbia mbele kwa ajili ya mguso, msichana wa kituo cha kwanza naye alikimbia mbele, na mimi nilikwenda kusimama kwenye kituo chake nipokee mpira wako. Tena nilikuwa macho yako. Wewe ulitazama mpira peke yake; mimi nilitazama miguu ya mpigaji. Kama yote miwili imegeuka kumkabili mtupaji, ni mguso kweli, nikuite uingie. Kama mguu wa nyuma umebaki palepale, anadanganya. Atairudisha fimbo na kupiga kwa nguvu zake zote, nikuite urudi.

Kisha Mamuzeli alikuja nyumbani siku ya Jumapili. Aliketi kwenye kiti cha Papa, akanywa chai, akasema shule ya waalimu kule kusini imempa nafasi moja. Mimi nilikuwa mkubwa, nilikuwa nimekwisha kushona hata foronya za kwenda nazo. Akasema, "Feza njo nitamupeleka," yaani wewe ndiwe utakayekwenda. Papa alikubali bila kunitazama. Wewe ulinitazama, ukaona haya kwa ajili yangu. Haya ile ndiyo niliyoichukia.

Alhamisi iliyofuata tulicheza na wasichana wa bweni. Akaja kupiga Mado, yule wa Nyunzu mwenye mabega mapana. Alitelezesha mkono juu ya fimbo, akageuza kifua. Ukaanza kusogea. Nilitazama miguu yake. Mguu wa nyuma ulikuwa umezama kwenye mchanga kama mti uliopandwa. Nilikuwa na muda, Feza. Neno "rudi" lilikuwa tayari mdomoni. Nikaita, "Ingia."

Uliingia bila shaka yoyote. Mado alirudisha fimbo akapiga, na mpira ukakupata usoni ukiwa hatua tano tu mbele yake. Ulianguka kwa magoti. Kisha mkono wako ukapapasa mchanga, ukaupata mpira, ukainuka. Mguu wa kulia ukashika ardhi. Bega likageuka. Ukatupa. Nilikuwa nimefika kituo cha kwanza, nikaudaka. Mpira ulikuwa na damu. Mado akatolewa, na wenzetu wakapiga makofi kabla hawajakuona uso.

Mamuzeli aliniuliza niliita nini. Ulikuwa umelala miguuni petu, kitambaa usoni. Nilijibu kwamba niliita urudi, hukusikia. Aliinama akakuuliza kama ni kweli. Ukasema, "Ni kweli. Sikusikia." Akatikisa kichwa, akawaambia wasichana kwamba hayo ndiyo matokeo ya haraka. Nami nikakubali kwa kichwa.

Nafasi ilikuwa moja, na mwenye macho mawili nilikuwa mimi.

Siku ya kuondoka ulinibebea sanduku mpaka stesheni. Bandeji ilikuwa imetolewa, na watu walikugeukia njia nzima. Nilipokwisha kupanda ulikuja chini ya dirisha, ukauliza polepole, kwa jina lile la dada mkubwa, "Yaya, uliona miguu yake?" Nilikuambia usogee, treni inaondoka. Ilikaa pale karibu nusu saa. Nilipandisha kioo.

Mwaka jana vita vilipowafukuza mkavuka ziwa, nilikuwa ningali shuleni. Nimerudi sasa, mwalimu kamili, watoto wananiita Madame. Wiki iliyopita mchuuzi wa samaki alitoka Kigoma na salamu zako. Ulimsalimu Papa, ukamsalimu shangazi, ukawasalimu majirani wa kushoto na wa kulia, hata Mado, ambaye siku hizi anauza mikate sokoni. Nilimuuliza kama amesahau mtu. Akarudia majina yote kwa vidole, akasema hapana, amekwisha. Mama peke yake ndiye aliyenitumia neno: kwamba ananiombea, kwa sababu nilikufundisha kazi ya mikono na miguu na sikukuacha siku uliyoumia.

Basi hujamwambia. Nilipolijua hilo niliona aibu kwa mara ya kwanza. Sikuombi msamaha, ungenipa, nawe ungebaki na mzigo uleule. Nataka Mama ajue. Lakini Mama hajui kusoma, na huko hakuna mwingine wa kumsomea. Kwa hiyo ndiwe utakayesema maneno haya yote kwa sauti yako, yeye akisikiliza. Najua ninachokuomba. Hata katika kukiri nimekuachia wewe sehemu ngumu. Msomee yote, usiruke mstari, na akiuliza ni nani aliyeandika, soma na hili la mwisho.

Ni mimi,
Yaya yako.