Pumzi ya Fundi Saa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mke wa mtu. Ndiyo, mke wa mtu. Nalirudia neno hilo kwa raha zangu. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, na mimi nimezidi.

Zamu za kazi zilikunyima harusi yangu, basi acha nikusimulie. Unajua tangu mpenzi wangu, fundi saa wangu, alipoanguka kutoka paani akaumia uti wa mgongo, miguu ilikufa ganzi na kifua kikaishiwa nguvu. Sentensi moja aliikata mara tatu kwa kukosa pumzi. Shangazi akawa anapita akisema kwamba mtu asiyeweza kuzima mshumaa ataapaje mbele ya ukumbi mzima. Mwenyewe akaahidi kiapo chake kitasikika hadi benchi la mwisho.

Mtaalamu wa mazoezi pale kliniki alimfundisha aweke mkono tumboni, avute hewa kwa pua, aitoe polepole kama anayepoza chai. Fundi saa wangu akaenda kuhesabu pumzi kwa kufuata saa zake thelathini za ukutani, kila moja na mlio wake, mpaka kizunguzungu kikamshika. Mtaalamu alicheka sana, akamwambia asihesabu kitu. Afumbe macho, apitishe fikira mwilini taratibu kutoka utosini hadi nyayoni. Nikamuuliza anafanyaje akifika kwenye miguu asiyoisikia. Akasema anaisalimia tu, bila kuidai jibu. Dada, ningeachaje kumpenda?

Miezi saba, kila asubuhi, alisimamisha saa zote akahema.

Siku yenyewe aliapa kwa pumzi moja, hata mpishi aliyekuwa mlango wa nyuma alimsikia. Shangazi akabaki kutazama viatu vyake.

Sasa nikuungamie kabla hujayasikia kwa wengine. Zamu yangu ilipofika, sauti iligoma. Watu wakanong'ona kwamba nimejuta. Kumbe miezi yote ile nilikaa kando ya mpenzi wangu nimefumba macho kumridhisha tu, huku nikichagua mapazia. Sikujifunza lolote. Akauchukua mkono wangu, akauweka tumboni kwake, akahema bila haraka, akaningoja mbele ya watu wote. Pumzi iliponirudia, niliapa kwa sauti kubwa kuliko yake.

Leo asubuhi nimemwomba anifundishe tangu mwanzo.

Nibusie watoto. Shemeji yako anakusalimu kwa kifua kipana.

Ni mimi mdogo wako, mwenye furaha isiyoenea kwenye bahasha.