Tumbo la Mkurugenzi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu imepungua kuvimba, na wajukuu wamekubali kupunguza sauti ya televisheni unapojipumzisha mchana. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Kile kitambaa ulichomtumia ameshonea gauni, na tangu alivae siku ya kwanza hajapita mtaani bila kusimamishwa na majirani.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unajijazia mwenyewe, halafu unautangazia ukoo mzima ile nusu yako. Ya pili nitaifikia.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini tangu wanipe ukurugenzi mkuu wa Huduma ya Afya ya Taifa, maana kwenye redio unanisikia tu pale dawa zinapopungua. Dada, kazi yangu ni kugawa visivyotosha. Hospitali na zahanati za nchi nzima zinaleta maombi, Hazina inaleta jibu, na mimi nimekaa katikati. Asubuhi tunakutana kwenye chumba chenye meza ndefu iliyobanduka pembe na feni inayozunguka inapojisikia. Kulia kwangu anakaa mhasibu mkuu, ambaye ofisi nzima inamwita Bwana Hazipo. Ukimwomba fedha za mitungi ya oksijeni, anashusha miwani, anatazama kompyuta yake, kisha anasema, “Hazipo,” kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani. Si mtu mbaya. Amepewa kazi ya kusema kweli isiyopendeza, naye anaisema bila kuipaka sukari.

Basi hapo ndipo tunapoanza. Tuezeke paa la wodi ya wazazi au tununue jenereta? Tuajiri manesi au tutengeneze magari ya wagonjwa? Kila anayesimama ana haki, na kila unayemkatalia anakutazama kana kwamba umemnyang'anya cha nyumbani kwako. Nikitoka mle nikiwa nimewakasirisha wote sawasawa, najua siku hiyo nimegawa vizuri. Na utashangaa nikikuambia kwamba naipenda kazi hii. Naipenda kweli.

Mwaka huu Hazina ilitupunguzia tena, wakati sufuria yenyewe tumeshaikwangua mpaka ukoko. Kilichoniuma zaidi ni hospitali kuu. Chumba kikubwa cha upasuaji kilikuwa kimefungwa, mashine ya usingizi imekufa, paa linavuja juu ya taa. Wagonjwa waliongoja kupasuliwa walilala kwenye mikeka ukumbini, ukipita inabidi uinue mguu juu ya mtu na kumwomba radhi.

Siku moja akaja ofisini kwangu daktari bingwa wa upasuaji, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa michezo. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Alisema hakuja kulalamika bali kuaga, kwa sababu hospitali binafsi wamemwita na huko kuna meza na taa. Aliniambia daktari wa upasuaji asiye na chumba ni mtu mwenye mikono safi tu. Nilimwomba anivumilie kidogo kabla ya kuondoka. Alinivumilia, lakini hakukaa.

Lilikuwapo fungu moja ambalo hakuna aliyeligusa tangu enzi na enzi: la matibabu nje ya nchi kwa wakubwa, yaani viongozi, wajumbe wa bodi na sisi wakurugenzi. Nililipeleka kwenye kikao cha bodi. Nikasema mwaka mpya wa fedha ukianza tulifute, tutengeneze chumba cha upasuaji, na tuwabakize madaktari tulio nao.

Dada, wajumbe wote walimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti wa bodi, mzee mstaarabu ambaye moyo wake umetibiwa ng'ambo, alizungumza polepole. Alisema maneno yangu ni mazuri, ila afya ya kiongozi si yake peke yake. Nikamjibu kwamba hata afya ya yule aliyelala kwenye mkeka si yake peke yake, ana watoto nyumbani wanaomsubiri. Akatabasamu. “Tutaona,” alisema, “siku tumbo litakapokuuma wewe.”

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu halikuwa likiniuma.

Kisha akamgeukia Bwana Hazipo, akamwuliza kama kweli hakuna fedha pengine popote za kukitengeneza chumba kile. Unajua alijibiwa nini. Hoja ikapita, si kwa mapenzi, ila kwa kukosa pa kukimbilia.

Mafundi waliingia mwaka mpya ulipoanza. Paa likazibwa, mashine ikaja ikiwa na maplastiki yake, na daktari bingwa akaniletea ujumbe mfupi kwamba kule kuaga kwake nikuhesabu kama hakukutokea. Jioni nikitoka kazini nilikuwa napitia hospitali bila shughuli yoyote, nikiangalia tu ukumbi. Mikeka ilipungua, mwishowe ikaisha. Sijawahi kuifurahia sakafu tupu kiasi kile.

Sasa, dada yangu, nimeifikia ile sababu ya pili; kama umesimama, kaa. Tumbo liliniuma.

Lilianza kikaoni, nikaisingizia chai. Halafu mkanda wa suruali ukaanza kulegea, na wifi yako, ambaye hapitwi na kitu, akaniambia nisipokwenda kupima mwenyewe atanipeleka kwa mkono kama mtoto wa chekechea. Nilikwenda. Daktari bingwa alinipima, akanipitisha kwenye vipimo vyote, kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba kuna uvimbe kwenye utumbo mpana. Sharti utolewe upesi, na ni mpaka utolewe ndipo itakapojulikana kama ni mbaya. Nilimshukuru vizuri sana. Nilipofika nje nilisimama kwenye maegesho nikiwa nimesahau gari langu ni lipi.

Habari haifichiki ofisini. Kesho yake Bwana Hazipo alikuja, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo huwa halifanyi. Alishusha miwani. Alisema liko salio la mwaka uliopita la lile fungu la matibabu ya nje, ambalo bado halijarudishwa Hazina. Linatosha tiketi na hospitali, na kisheria bado naruhusiwa.

“Unasema zipo?” nilimwuliza.

“Zipo,” alisema. Nadhani hata ulimi wake ulishangaa.

Dada, sitakudanganya. Nilizitaka. Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyeficha pipi mfukoni. Nilimweleza wifi yako, nikitumaini ataniambia nenda, ili baadaye niseme ni yeye. Hakunipa nafasi hiyo. Alisema nikienda atafunga mizigo, nikibaki atakaa pembeni ya kitanda, ila nisimtake achague yeye, kwa kuwa tumbo ni langu.

Nilirudi kwa daktari bingwa. Nilimwuliza, kama mgonjwa na si kama bosi, wenzetu wa ng'ambo wana nini tusichokuwa nacho. Hakukasirika. Alisema upasuaji ni ule ule, ameufanya mara nyingi, na kama angekuwa na shaka angeninunulia tiketi kwa mshahara wake. Walichotuzidi, alisema, ni vitanda, utulivu, na mtu wa kukuletea maji ukibonyeza kengele. “Kengele yetu haifanyi kazi,” aliniambia. “Wewe utaita tu.”

Nikabaki. Si kwa ushujaa, usije ukawahadithia watu ushujaa. Niliwaza kwamba nikipanda ile ndege, kila aliyewahi kulala ukumbini ataelewa kuwa chumba tulichomtengenezea kinamtosha yeye, sisi hakitutoshi. Na mimi nisingeweza tena kuingia kile chumba cha mikutano nikamkatalia mtu chochote. Salio likarudishwa Hazina. Bwana Hazipo alilirudisha kwa mkono mzito, akaniambia ni mara ya kwanza ameumia kutoa pesa ambazo hakuombwa.

Wodini walitaka kunipa chumba cha peke yangu, kisha wakakumbuka kwamba kile chumba cha wakubwa kimegeuzwa stoo ya dawa, kwa saini yangu mwenyewe. Basi nikalazwa na wenzangu. Jirani yangu alikuwa fundi mwashi aliyetolewa mawe kwenye nyongo, mtu wa maneno mengi. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia naandika ofisini. Akanihurumia. Aliniambia godoro lile limelala chali siku nyingi kuliko wagonjwa, na kwamba wakubwa wa hospitali hizi wangelala hapa siku moja tu, magodoro yangebadilishwa yote. Nikamwambia pengine ataletwa mmoja. Alicheka sana, nami nikazuia kicheko kwa mikono yote miwili maana mshono ulikuwa haujakauka. Alinigundua siku waziri alipotembelea wodi na kunitaja kwa cheo. Akasema, basi vizuri, tuanzie na kengele.

Kengele zimetengenezwa. Magodoro bado. Nimeyaweka kwenye maombi, na nimeshaambiwa jibu.

Mwenyekiti naye alikuja kunitazama. Hapakuwa na kiti, ikabidi akae ukingoni mwa kitanda na koti lake zuri. Hatukulitaja lile neno la kikaoni. Alitazama ukumbi, akatazama manesi wanavyopishana, akauliza hili na lile. Wakati wa kuondoka aliniinamia sikioni, akaniuliza kama yule mama wa upasuaji huwa anaonana na watu wazee bila rufaa.

Majibu ya uvimbe yalikuja baadaye. Ulikuwa umeanza kugeuka mbaya, lakini haukuwa umefika popote, na umetoka wote. Daktari bingwa alisema tumeuwahi. Nimesharudi kazini, nakula ninachopewa, na mkanda unaanza kukataa lile tundu la mwisho. Kwa hiyo nilipokuambia juu kwamba hatujambo, nilikuambia kweli, ya leo.

Najua umekasirika. Najua ungepanda ndege na miguu hiyo ilivyovimba, ungewakusanyia wanaukoo kikao, na ungenisafirisha ng'ambo nipende nisipende. Ndiyo maana nilinyamaza, na nilimkataza wifi yako kusema, kwa hiyo yeye usimguse. Lakini kuna jambo lazima ulijue. Siku ile waliponilaza mezani, chini ya taa zile tulizopigania, daktari wa usingizi aliniwekea kifuniko puani na kuniambia nivute pumzi. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Wakaniambia baadaye kwamba kabla sijapotea sikumwita marehemu mama, wala mke wangu. Niliita, “Dada.” Daktari aliniuliza dada ni nani, nikamjibu vizuri kabisa: ni yule atakayenichapa akisikia. Kisha nikalala.

Wifi yako ameshanisamehe. Nasubiri wewe.

Nisalimie binti yako na mumewe, na wajukuu wote, hasa yule mtundu anayefanana na mimi. Ipake hiyo miguu mafuta, kunywa dawa kwa wakati, na ukija kunichapa, njoo msimu wa baridi kidogo ili safari isikuchoshe. Chumba chako kimeshatandikwa.

Ni mimi mdogo wako, kitindamimba uliyemlea,

Mkurugenzi